Mataruma 32: Kufuata Madaraja ya Chuma kutoka Emali hadi Tsavo

Susu, nyanya yangu mzaa mama, hakwenda shule, lakini kuna hesabu moja ambayo hakuikosea hata siku moja. Daraja la reli lililokuwa kati ya shamba lake na soko la Emali lilikuwa na mataruma 32. Alinifundisha kuyahesabu nilipokuwa na miaka 7. Kyondo cha mbaazi kilining'inia mgongoni mwake kwa mshipi uliopita kwenye paji la uso, mkono wake ulishika wangu, na chini yetu lilikuwa korongo kavu lenye mchanga mweupe. Kabla hatujakanyaga taruma la kwanza aliinama, akaweka kiganja juu ya reli. Chuma kikiwa kimya, tulivuka. Kikitetemeka, tuliketi kando tukangoja gari la moshi lipite, naye akilipungia mkono kama anayeagana na jirani.

"Usitazame chini, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Hesabu."

Maneno hayo yalinirudia nikiwa mbali sana na Ukambani. Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu anayeishi Birmingham alinipeleka Shropshire, katika mji mdogo wa mashambani kwenye bonde la mto Severn. Mji wenyewe unaitwa Ironbridge, kwa jina la daraja lake. Lilisimamishwa mwaka 1779 na Abraham Darby wa tatu, mwenye kiwanda cha kusubu chuma, na ndilo daraja kubwa la kwanza duniani kujengwa kwa chuma cha kusubu: vipande zaidi ya 1,700, uzito wa karibu tani 380, upinde mmoja wa mita 30 kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na fundi aliyewahi kuunga daraja la namna hiyo, kwa hiyo waliviunga vipande vile kwa ujuzi wa seremala, ulimi wa kipande kimoja ukiingia katika tundu la kingine, kama anayeunga mlango au kitanda.

Tangu 1934 magari yamekatazwa kupita pale. Ni daraja la watu wa miguu, limepakwa rangi, linatunzwa, na watu wanasafiri kutoka mbali kuja kulivuka tu. Ubao wa ushuru wa zamani bado upo, na unatangaza kwamba kila avukaye atalipa, askari akiwa kazini au la, hata jamaa ya mfalme. Wapita njia waliendelea kutozwa hadi 1950. Nilisimama mbele ya ubao ule nikawaza kwamba pale kila aliyevuka alihesabiwa.

Nikamwambia binamu yangu kwamba na sisi Emali tuna daraja letu la chuma, daraja la Susu. Akaniuliza lilijengwa na nani. Sikuwa na jibu. Susu alikuwa amekwisha kufariki, na katika miaka yote niliyolivuka sikuwahi kumuuliza mtu. Safari ninayoisimulia hapa niliifanya ili nilitafute jibu hilo: siku nne, kutoka Emali kushuka na reli ya zamani hadi mto Tsavo.

Emali

Anayekwenda Emali kutoka Nairobi hupita Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyekuja kuitazama reli ilipofika maili ya 250. Baada ya hapo nchi inafunguka. Nilifika asubuhi, Kilimanjaro ikiwa bado haijajifunika. Kusini ulionekana mgongo wake mweupe, umekaa juu ya tambarare ya Kajiado kama kitu kilichowekwa pale usiku. Upande wa mashariki, safu ya Chyulu ilikuwa ya buluu. Kaskazini, juu ya mashamba ya Wakamba, ulisimama mlima Nzaui na jabali lake lililo wazi.

Emali ipo mahali ambapo ardhi mbili zinakutana. Barabara ya Loitokitok inaachana hapa na barabara kuu ya Mombasa, na siku ya mnada Wamaasai wanaleta ng'ombe na kondoo kutoka nyanda zao, Wakamba wanaleta mbuzi, mbaazi, pojo, maharagwe na, msimu ukiwa mwema, maembe ya Makueni yenye harufu inayomfikia mtu kabla hajaliona gunia. Wanaelewana kwa Kiswahili. Nilimsikia mzee wa Kimaasai akimwambia mama wa Kikamba, "Mama, huyu mbuzi wako amekonda, mpunguzie bei," na mama akamjibu bila kuinua sauti, "Baba, hajakonda, ametembea." Wakakubaliana baada ya nusu saa, wakapeana mikono.

Mchana nilikula muthokoi. Nawahimiza wasafiri wasipite Emali bila kuula. Mahindi makavu huloweshwa kidogo na kutwangwa kwenye kinu hadi ganda litoke, kisha hupepetwa na kupikwa na mbaazi au maharagwe kwa moto wa polepole. Punje huwa laini, nyeupe, zenye utamu ambao mahindi yenye ganda hayana. Nilitiliwa sahani iliyojaa, na mwenye kibanda akanitazama hadi nikaimaliza, kama alivyokuwa akinitazama Susu.

Kisha nikaenda darajani. Reli ya zamani ina upana wa mita moja, na hapa Emali inapita karibu na mji, imezeeka, majani yamekwishaanza kuota kati ya mataruma. Mataruma mengi ya njia hii ni ya chuma kwa sababu mchwa wa nchi hii hula mti wowote uliolazwa ardhini, ila juu ya daraja la Susu ni magogo ya mbao yaliyochongwa, yamekaa juu ya mihimili miwili ya chuma, na mihimili imekaa juu ya kuta za mawe. Ni daraja dogo. Atakayelitafuta katika vitabu vya historia hatalipata.

Niliinama, nikaweka kiganja juu ya reli. Ilikuwa ya moto na kimya. Nikavuka nikihesabu kwa sauti. Mataruma ni 32.

Ng'ambo alikuwa ameketi mzee mmoja chini ya mgunga, akiwachunga mbuzi wake wanne. "Wakya?" akanisalimu. "Aa," nikamwitikia, nikakaa karibu naye. Aliniambia kwamba alifanya kazi katika genge la reli ujana wake wote, akakaa kwenye landi za reli na mkewe na watoto, akikaza misumari na kupiga kokoto. Alinionyesha kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nikihesabu. Kando ya reli palikuwa na ubao wa kukanyagia na mkono wa chuma wa kushika, uliofungwa ubavuni mwa daraja ili watu wa genge wapishe gari la moshi. Ubao umeoza. Mkono wa chuma umekatwa kwa msumeno, vimebaki vigingi viwili tu.

"Chuma chakavu," alisema. "Waliukata usiku mmoja."

Biashara hiyo imeitafuna nchi yetu. Januari 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara yote ya vyuma chakavu, baada ya minara ya umeme kukatwa miguu na nchi kuingia gizani. Lakini nyaya za umeme zina watu wanaozilia zikikatika. Mkono wa chuma wa daraja dogo la Emali waliulilia kina mama wenye mitungi ya maji na watoto wa shule. Nilipokuwa nikizungumza na mzee, walivuka mbele yetu wanafunzi sita waliovaa sweta za kijani, wamefuatana, mikono imetandazwa kama mbawa ili wasiyumbe.

Nilimwuliza mzee chuma cha daraja kilitoka wapi. "Kwa Wazungu, kwa meli," alisema, "na mawe ni ya kwetu." Tangu hapo nilipoliona daraja lolote la njia hii nilitazama kwanza mawe.

Si chuma cha namna ya Ironbridge, na sababu yake inafaa kuelezwa. Chuma cha kusubu humiminwa katika kalibu kikiwa uji. Kikiganda, hubeba uzito unaokikandamiza kama jiwe, lakini kikivutwa au kupindwa hukatika ghafla bila onyo. Upinde kama ule wa Severn unakifaa kwa kuwa kila kipande kinasukumwa na mwenzake. Wajenzi wa reli walijaribu kukitumia kama mhimili mnyoofu, na mwezi Mei 1847 daraja la mto Dee pale Chester likavunjika chini ya gari la moshi, watu 5 wakafa. Tangu hapo madaraja ya reli yakahamia chuma cha kufua, na baadaye chuma cha pua. Hicho ndicho kilichofika Mombasa nusu karne baadaye, reli ilipoanza kutandikwa mwaka 1896. Ilifika Nairobi Mei 1899, na Kisumu Desemba 1901.

Wakamba wanasema hawakushangaa. Nabii wao wa kike, Syokimau, alikuwa amekwisha kuona nyoka mrefu atemaye moto na moshi, akitambaa kutoka maji hadi maji, na watu wenye ngozi nyekundu kama nyama mbichi waliobeba moto mifukoni. Leo jina lake liko kwenye stesheni karibu na Nairobi. Jioni ile, kutoka Emali, nilimwona nyoka wa pili: treni ya reli mpya, iliyozinduliwa Mei 2017, ikipita juu ya tuta lake refu lenye uzio, taa zote zikiwaka.

Kabla giza halijaingia, jabali la Nzaui lilibadilika likawa la rangi ya waridi. Simulizi za Wakamba zinasema kwamba Mulungu aliwateremsha watu wa kwanza juu ya mwamba ule, na kwamba alama za nyayo zao na za mifugo yao bado zimo kwenye jiwe. Mama wa nyumba nilimolala alinionyesha mlima kwa kidevu, kwa adabu, kwa sababu kuunyooshea kidole aliona si vizuri. "Huko ndiko tulikoshukia," alisema, kama anayetaja kituo cha basi.

Kiboko na Makindu

Siku ya pili nilipita mji mdogo wa Simba bila kusimama nikatua Kiboko, ambapo mto wa chemchemi umeotesha migunga ya manjano na kuwapa ndege mahali pa kupiga kelele mchana kutwa. Hapa pana nyumba ya wageni iliyoanzishwa na J. A. Hunter, mwindaji wa Kiskoti. Kati ya 1944 na 1946 serikali ya kikoloni ilimtuma kuisafisha Makueni ili Wakamba wahamishiwe huko, naye akaua vifaru 996. Nilisimama chini ya migunga nikijaribu kuwafikiria wanyama 996 katika nchi niliyoizoea kwa mbuzi na mbaazi. Idadi hiyo inajulikana hadi kifaru wa mwisho.

Makindu imepata jina kwa mikindu, ile mitende ya mwituni ambayo akina mama husuka kwa majani yake mikeka na vikapu. Nilifika saa saba, nina njaa, nikafanya wafanyavyo madereva wote wa malori wanaoijua njia hii: nikaingia hekalu la Masingasinga.

Unavua viatu. Unafunga kitambaa kichwani, na usipokuwa nacho utapewa. Unanawa. Kisha unaketi, na mtu asiyekujua, asiyekuuliza kabila wala dini, anakuletea dengu, wali, chapati za moto na chai ya maziwa yenye tangawizi. Hakuna malipo. Ukitaka kulala, kitanda kipo. Mimi niliketi kati ya familia ya Kihindi iliyotoka Nairobi na kijana wa Kimaasai mwenye shuka jekundu, aliyekunja chapati yake kwa ustadi wa mtu aliyekwisha kuja hapa mara nyingi.

Hekalu hili lilijengwa mwaka 1926, na mizizi yake ni reli. Karibu watu 32,000 waliletwa kwa mkataba kutoka India, wengi wakiwa Wapunjabi: waashi, wahunzi, maseremala, wachukuzi. Hesabu za serikali zinasema 2,493 walikufa kazini, karibu watu wanne kwa kila maili ya njia kutoka Mombasa hadi Kisumu. Wengine karibu 6,700 walichagua kubaki mkataba ulipokwisha. Masingasinga waliofanya kazi Makindu walikuwa wakikutana kusali chini ya mti, na sala ile ikapata kuta.

Baada ya kula nilitembea ua wote. Mzee mmoja mwenye kilemba cheupe, aliyekuwa akimwagilia maua, alinikaribisha kwa Kiswahili cha zamani cha bara, Kiswahili chenye "bwana" kila baada ya maneno matatu. Nilimwambia kuhusu Susu na mataruma yake. Alisikiliza, akaweka chini mpira wa maji. "Babu yangu alikuwa mwashi wa reli, bwana," alisema. "Huenda nyanya yako alitembea juu ya mawe ya babu yangu." Hakusema zaidi, wala mimi sikuweza. Kuhusu kuta za daraja la Emali, hilo ndilo jibu lililonikaribia kuliko yote niliyoyapata safarini.

Kibwezi na Darajani

Kibwezi ni kijani kwa namna isiyotarajiwa. Mvua inayonyesha juu ya Chyulu haitiririki, inazama ndani ya mawe ya volkano yenye vitundu, inasafiri chini kwa chini, kisha inachomoza mbali: chemchemi za Umani katika msitu wa Kibwezi, na chemchemi kubwa za Mzima ndani ya Tsavo, zinazowanywesha watu wa Mombasa. Uwanda unaozunguka msitu ni wa mkonge, mibuyu na nyuki. Nilinunua asali yenye rangi ya chai kali, na kyondo cha mkonge kilichosukwa na mama mmoja aliyeketi kando ya njia. Alisuka huku akinizungumzisha bila kuitazama mikono yake, akivingirisha nyuzi juu ya paja, kama Susu.

Wamisionari wa Kiskoti walifungua kituo hapa mwaka 1891, miaka mitano kabla ya reli, wakashindwa na malaria, na mwaka 1898 wakahamia Kikuyu. Kutoka Kibwezi barabara inakwenda Ikutha na Mutomo hadi Kitui, na Ikutha inajulikana kwa madini yake ya chuma. Jambo hili linanigusa. Muda mrefu kabla ya meli kuleta mihimili, wahunzi wa Kikamba walikusanya mchanga mweusi mzito unaobaki kwenye mito baada ya mvua, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua mishale, majembe na mikufu myembamba ambayo wafanyabiashara waliipeleka mbali. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyeishi na Wakamba mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika juu ya kazi hiyo. Chuma hakikuwa kigeni hapa. Kilichokuwa kigeni ni ukubwa wake.

Alasiri nilishuka kwenye kijiji kinachoitwa Darajani. Stesheni yake ya zamani ni mojawapo ya zile ndogo kati ya Kibwezi na Mtito Andei, na jina lake linatosha. Palikuwa kimya. Mbuzi walilala kivulini. Mtoto wa kiume alikuwa akitembea juu ya reli moja, unyayo mbele ya unyayo, akinikumbusha utoto wangu. Nilimwuliza daraja liko wapi. Akanishangaa. "Hapa ni Darajani," akasema.

Tsavo

Mtito Andei, msitu wa tai kwa Kikamba, niliupita alfajiri. Kutoka hapo udongo unakuwa mwekundu kabisa, mibuyu imesimama bila majani, na ndovu nao ni wekundu kwa kuwa wanajimwagia vumbi la huko. Nilimwona mmoja karibu na tuta la reli mpya, akielekea kwenye uwazi ulioachwa chini yake ili wanyama wapite.

Kisha mto. Tsavo ni mwembamba kuliko sifa zake, maji yake yanakwenda kasi kati ya mikoma, yakiharakisha kuungana na Athi na kuwa Galana. Askari wa wanyama alinisindikiza hadi ukingoni, bunduki begani, na kunionya nisikaribie majani marefu. Kutoka hapo unaona barabara ya magari na, imesimama juu ya nguzo ndefu za zege, reli ya 2017. Na unaliona daraja lile la zamani: nguzo za mawe ndani ya maji, chuma juu yake, reli ya mita moja.

Wengi wanalijua kwa simba. Luteni Kanali John Henry Patterson alifika Machi 1898 kulisimamia, na kwa miezi tisa simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni waliingia kambini usiku na kuburuta watu kutoka mahemani. Kazi ilisimama kabisa kwa wiki kadhaa, mamia ya wafanyakazi wakitoroka kwa gari la moshi. Simba wa kwanza alipigwa risasi Desemba 9, wa pili Desemba 29. Patterson alikaa na ngozi zao miaka 25, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago kwa dola 5,000. Wako huko hadi leo, wamejazwa, nyuma ya kioo.

Walikula wangapi? Katika kitabu chake cha 1907 Patterson alitaja Wahindi 28. Baadaye akasema 135. Mwaka 2009 watafiti waliopima kemia ya mifupa na nywele za simba hao walikadiria 35 hivi. Idadi inabishaniwa hadi leo, na sababu ya ubishi ameiandika Patterson mwenyewe katika kitabu kile: Waafrika waliouawa walikuwa wengi, lakini hapakuwa na ofisi iliyoweka kumbukumbu zao.

Nilikuwa naijua habari hii. Lakini kuisoma nyumbani ni jambo moja, na kuikumbuka umesimama ukingoni, unasikia maji yakipiga mawe, ni jambo jingine. Vifaru 996 wa Makueni walihesabiwa. Wahindi 2,493 walihesabiwa, na ni haki yao. Wakamba, Wataita, Waswahili wa pwani na Wanyamwezi waliobeba maji, waliokata miiba, waliolala nje ya boma la kambi, hakuna aliyewahesabu hata mmoja.

Askari alitaka kuniambia juu ya simba, kama anavyowaambia wageni wote. Nilimwomba tuzungumze juu ya mawe. Akafurahi, kwa kuwa hakuna anayemuuliza. Mawe mazuri hayakuwa karibu. Yalipatikana kwenye bonde lililokuwa mbali kidogo, ikabidi kutandikwe reli ndogo ya vitoroli kuyaleta. Daraja lilikamilika Februari 1899. Muda mfupi baadaye mvua kubwa ikanyesha huko juu, mto ukafura, ukang'oa madaraja mawili ya muda ya vitoroli na kuyatupa, magogo na vyuma pamoja, juu ya nguzo hizi. Nguzo hazikutikisika. Katika Vita Vikuu vya Kwanza reli iliyokuwa juu yake iliharibiwa na Wajerumani. Misingi ya mawe ikabaki, daraja likarudishwa.

Nilitazama nguzo hizo kwa muda mrefu, hadi askari akaanza kutazama saa. Zimechongwa kwa patasi. Kila jiwe liliinuliwa na mikono ya mtu. Kwa maoni yangu daraja la Tsavo ndilo jengo tukufu kuliko yote kati ya Mombasa na Nairobi, na simba wamelifunika kwa zaidi ya miaka 120. Jambo ambalo ningependa kuliona pale ni kibao kimoja: kiseme kwa Kiswahili, Kipunjabi na Kikamba kwamba hapa walifanya kazi na kufa watu kutoka India na kutoka nchi hii, na kwamba wa nchi hii hawakuandikwa.

Kurudi Emali

Nilirudi kupitia Emali ili nilivuke tena daraja la Susu kabla ya kwenda nyumbani. Ilikuwa saa kumi, shule zimefunguliwa milango. Treni za reli hii zimepungua sana tangu 2017, hivi kwamba watoto wengi hawaigusi tena reli kabla ya kuvuka. Msichana mmoja aliyekuwa wa mwisho katika msafara wao aliinama, akaweka kiganja. Nilimwuliza nani aliyemfundisha. Alisema ni susu wake.

Kwa wanaosimamia reli na kwa kaunti ya Makueni nina ombi dogo. Daraja hilo linahitaji ubao wa kukanyagia na mkono mmoja wa chuma wa kushika, urefu wa mataruma 32. Na wewe msomaji, utakaposafiri kwenda Mombasa, usimalize safari nzima ukiwa umelala garini. Shuka Emali ule muthokoi, ingia Makindu unywe chai, na ukifika Tsavo mwombe askari akuonyeshe mawe.